Bei Niliyoitaja Mwenyewe

Migori, Jumatatu 2 Machi 1964

Daftari hili nililinunua la kuandikia galoni za petroli na maili, kama tulivyofundishwa jeshini. Leo naandika na mengine kwa sababu nimefurahi, na mtu pekee wa kumwambia ni mke wangu Bhoke, na Bhoke hakufurahi.

Nimepata kazi ya msimu mzima. Bwana James Obura, mnunuzi wa samaki wakavu pale Homa Bay, alikuwa anatafuta lori moja la kumpelekea magunia Nairobi kila wiki, kuanzia Jumatatu ijayo mpaka mwisho wa Juni. Mbele ya meza yake tulikuwa wawili, mimi na Osoro wa Kisii mwenye lori la buluu. Osoro alitaja shilingi mia sita na ishirini kwa safari moja. Alitaja huku amekunja mikono, kama mtu anayesoma tangazo la serikali. Bwana James akanigeukia.

"Na wewe, Bwana Magige?"

Nikasema mia nne na hamsini.

Osoro akanitazama kutoka kofia mpaka viatu. "Wewe Mkuria, umewahi kupita Rangwe mwezi wa tano na tani saba mgongoni?"

Nikamjibu kwamba nimeendesha lori la jeshi Abyssinia, Rangwe haitanishinda. Watu waliokuwa mlangoni wakamcheka yeye. Sifichi, nilisikia raha.

Maili mia mbili na hamsini kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Petroli itakula kama mia mbili na thelathini. Zinazobaki ni chakula, mshahara wa utingo, tairi, na sisi. Tena Bwana James amesema Nairobi hakutakosa mzigo wa kurudi nao, sabuni au mabati ya maduka ya Kisii, na huo utakuwa faida tupu. Tumetia sahihi. Lori liwe gatini Homa Bay kila Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Nikikosa mara mbili namlipa hasara yake. Dhamana ni kitabu cha gari, amekifungia katika kasha lake la chuma.

Nilipomsomea Bhoke karatasi hiyo aliuliza swali moja tu. "Inasemaje juu ya mvua?"

"Haisemi kitu."

"Basi mvua ni yako, Baba Robi."

Ng'ombe kumi na wanane tuliuza kununua lori hili. Naelewa anavyoogopa. Lakini tangu Desemba lori limelala uani, kuku wanataga chini yake. Bei ndogo ni afadhali kuliko kuku.

Jumamosi 14 Machi

Safari ya kwanza imekwisha. Vumbi tupu, barabara ngumu kama sakafu. Nilirudi na mabati ya Kisii. Nimemnunulia Bhoke kitambaa.

Jumamosi 21 Machi

Safari ya pili. Nairobi hapakuwa na mzigo wa kurudi. Nimerudi mtupu, lori linarukaruka kama debe.

Jumatatu 23 Machi

Nimemuuliza Bwana James juu ya mzigo wa kurudi. Alikuwa mpole, akaniagizia chai. "Nilisema nitajaribu, ndugu yangu. Kujaribu nimejaribu." Nimeisoma karatasi upya nikiwa nimeketi ndani ya lori. Mzigo wa kurudi haumo. Niliusikia kwa masikio tu.

Jumatano 1 Aprili. Nakuru

Mvua.

Jumamosi 11 Aprili

Mvua siku kumi mfululizo. Kutoka Homa Bay mpaka Kisii zamani ilikuwa asubuhi moja, juzi ilikuwa siku moja na nusu. Udongo mweusi unashika magurudumu, lori linateleza ubavu kama ng'ombe aliyelewa. Jeshini tukikwama palikuwa na askari arobaini wa kusukuma, na petroli haikuwa yangu.

Jumanne 14 Aprili

Makori, utingo wangu, ameniacha. Hakugombana. Alikunja blanketi lake akasema, "Mzee, hii kazi inanidai nguvu ya watu wawili na inanilipa nusu ya mtu." Nimepakua na kupakia peke yangu.

Jumapili 19 Aprili

Bhoke amesema atapanda yeye. Nilikataa. Akauliza nitamlipa nani kwa pesa gani. Watoto amewapeleka kwa mama yake. Kesho anakuja Homa Bay na buti zangu za zamani, ndani amejaza matambara.

Ijumaa 24 Aprili. Kericho

Wapakiaji wa Homa Bay walimcheka Bhoke mpaka alipofunga turubai. Anafunga kama mtu anayefunga mzigo wa kuni, kamba haisogei. Kule Sotik alishuka kwenye matope akaweka mawe chini ya gurudumu mara nne, na mara ya nne aliporudi kuketi alipangusa tu matope magotini. Ni afadhali angenitukana.

Jumatatu 27 Aprili

Nimekosa saa sita. Tairi mbili zilipasuka, moja Kericho, moja mlimani kabla ya Kisii. Nilifika gatini saa tisa. Bwana James aliniandikia karatasini mbele ya macho yangu: moja.

Mwalimu mkuu mmoja wa Migori ametuma mtu. Anataka mbao na saruji za shule kutoka Kisumu, safari tatu, kwa bei ambayo ningeitaja mwenyewe bila kujikuna kichwa. Nimemwambia siwezi. Siwezi kumfanyia mtu mwingine kazi hata ya siku moja, kwa kuwa hakuna siku iliyobaki katika wiki. Jumatatu naondoka, Jumapili nafika, Jumatatu naondoka. Nikiacha, kitabu kimo kwenye kasha. Bila kitabu siwezi kuuza lori. Nikiendelea, lori litakufa mikononi mwangu kabla ya Juni. Yote haya niliyataja kwa mdomo wangu, hakuna aliyenishikia panga.

Jumatatu 4 Mei. Homa Bay

Leo tuna abiria. Ni mama wa Mfangano aitwaye Leonida, mpana wa mabega, ana mwavuli na kikapu. Nusu ya magunia ni yake na ya wanawake wenzake wa visiwani, na anasema mara hii atafika nayo Nairobi amwone mnunuzi kwa macho. Bwana James hakupenda, lakini hakuweza kumkataza, samaki ni wake hadi wauzwe Nairobi, ndipo James huwalipa. Nilimsalimu. Aliniuliza, "Wewe ndio ile dereva ghali?" Akaketi dirishani akanipa mgongo.

Jumamosi 9 Mei. Rangwe

Naandika ya siku tano kwa mara moja. Penseli imelowa.

Jumatatu jioni, kabla ya kufika Rangwe, tulikuta kalvati la mbele limechukuliwa na maji. Lilikuwa daraja dogo tu, unaweza kulipita mwaka mzima usijue liko. Sasa pale palikuwa na shimo linalounguruma. Nikasema turudi. Tuliporudi maili moja na nusu, kijito tulichokivuka saa moja kabla kilikuwa kimepanda mpaka kwenye mizizi ya miti. Nikasimama katikati ya barabara, injini inanguruma, sijui niligeuze wapi. Nikazima. Lori likaanza kuzama polepole, upande wa kushoto kwanza.

Siku ya kwanza tulichimba. Mimi na Bhoke kwa jembe na sufuria, na tulivyochimba ndivyo maji yalivyojaza. Mama Leonida hakushuka. Alikaa ndani na mwavuli magotini, akiangalia mbele kama aliyeko kanisani.

Siku ya pili jua lilichomoza kama saa mbili hivi. Ndipo aliposhuka. Alipanda nyuma, akaingiza mkono chini ya turubai, akanusa vidole vyake. "Wanaanza kushika unyevu," akasema. "Kama hawaoni jua leo, kesho ni mbolea." Akaanza kuvuta gunia peke yake. Bhoke akamshika upande wa pili bila kuulizwa. Tulishusha magunia yote, tukayafungua, tukatandaza samaki juu ya turubai, juu ya boneti, juu ya kanga zao. Saa nane mawingu yakarudi, tukakusanya mbio. Siku ya tatu vivyo hivyo. Watu wa boma la karibu walituletea uji na viazi, wakakataa pesa. Mama Leonida aliwapa samaki wake.

Siku hiyo ya tatu, tulipokuwa tukifunga magunia ya mwisho, aliniuliza bila kunitazama.

"Mimi nataka nijue kitu moja. Kwa nini hushuki bei?"

"Bei gani, mama?"

"Mia saba. Kila safari James anatukata mia saba ya gari. Tukilia anasema, nifanye nini, dereva ni Mkuria mmoja mgumu, anakataa hata senti. Nimekuja nione huyo mtu anakula watoto wetu."

Nilikwenda ndani ya lori nikaleta daftari hili. Nilimfungulia kila Jumatatu, safari kwa safari. Hajasoma sana, lakini tarakimu anazijua kuliko mimi. Alipitisha kidole: 450, 450, 450. Akarudia ukurasa wa kwanza. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye matope, ameshika tumbo, machozi yanamtoka, na Bhoke akaanza kucheka naye. Mimi sikuona cha kuchekesha. Miezi miwili nimepasua tairi na mgongo, na kule visiwani wanawake wamekuwa wakinilaani kwa pesa ambazo sikuzishika.

Alipotulia aliniuliza, "Sasa wewe mia nne hamsini unaishi namna gani?"

"Haishi," akasema Bhoke. "Yeye anauza maili, mama. Maili ni zilezile kiangazi na masika. Lakini sisi tunakula siku. Hizi siku tatu nani amezinunua?"

Nimekaa na mwanamke huyu miaka kumi na minne. Siku zote nilidhani ananinunia kwa sababu ya ng'ombe. Kumbe alikuwa ameona kosa la hesabu tangu jioni ile ya kwanza, na akaamua kupanda lori abebe kosa hilo pamoja nami. Sikuweza kumtazama. Nilikwenda kuchimba.

Leo, siku ya tano, watu wa barabara walikuwa wamelaza magogo kwenye kalvati. Gari la kwanza kuvuka kutoka upande wa Kisii lilikuwa la buluu.

Osoro alishuka, akazunguka lori langu taratibu. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Akasema, "Kukuvuta ni hamsini."

"Unamdai pesa mwenzako aliyekwama barabarani?"

"Kamba ni yangu, petroli ni yangu, klachi ni yangu. Na hii Jumamosi pia ni yangu."

Nilikuwa na sitini za petroli. Nikakubali. Alinivuta kwa ustadi, gia ya kwanza, bila kurusha, hadi nikasimama juu ya mawe. Nilidhani akishanitoa atanirudishia. Alizihesabu akazitia mfukoni zote hamsini. Kisha akatoa mkate mzima chini ya kiti chake akampa Bhoke, na huo hakuutajia bei.

Alipokuwa akikunja kamba nilimuuliza, maana sikuwa tena na heshima ya kulinda, ile mia sita na ishirini aliipataje.

"Katika msimu nilihesabu wiki sita kama hii," akasema. "Si chuki, Magige. Ulipotaja bei yako James aliniita kando akaniambia kama nataka kazi yoyote hapa gatini nishuke mpaka hapo. Sasa nabeba pamba kwa bei ya aibu. Uliniangusha mimi kwanza, ndipo ukaanguka."

Akapanda akaenda zake. Mama Leonida amenikopesha ya petroli.

Alhamisi 14 Mei

Samaki waliokoka wameuzwa. Mama Leonida alisimama sokoni Nairobi na mnunuzi, akaona pesa zikihesabiwa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akihesabu kwa vidole.

Jumatatu 18 Mei

Bwana James: mbili. Nimekosa ya tarehe kumi na moja. Nilimweleza juu ya kalvati. Alisema anasikitika, na nadhani ni kweli alisikitika. Anasema mnunuzi wake wa Nairobi naye amemkata kwa kuchelewa. Fidia hanidai taslimu. Nitaendelea kubeba kwa mia nne na hamsini mpaka mwisho wa Septemba, na kitabu kitabaki kashani mpaka hapo.

"Unaona ninavyokuhurumia," akasema.

Nikamuuliza juu ya mia saba. Alikunja karatasi taratibu. "Wewe uliuza kwa bei uliyotaka. Na mimi nauza kwa bei ninayotaka. Nani alikulazimisha?"

Hakuna. Hilo ndilo linalonikaba.

Jumapili 24 Mei

Springi ya nyuma imekatika. Nimeifunga kwa waya.

Jumatatu 1 Juni. Homa Bay

Sikukuu ya Madaraka, ngoma mjini. Nilifika gatini saa nne. Hakuna gunia hata moja. Mashua za Mfangano, Mbita na Kisegi zimepita mbali na gati, zimekwenda Kisumu na samaki wao. Ni kazi ya Mama Leonida, kila mtu hapa anajua. Bwana James alikuwa amesimama ukingoni mikono nyuma.

Nilifurahi kwa muda wa dakika tano. Kisha nikamuuliza safari yangu italipwaje. Hakuna mzigo, hakuna malipo. Lakini lori niliache hapa, niwe tayari.

Jumatatu 8 Juni

Hakuna mzigo. Maji ya ziwa yamefika kwenye mbao za gati. Tunalala chini ya turubai, tunakula omena, dagaa wa ziwani.

Jumatano 10 Juni

Wanamnyonga James, na kamba hiyohiyo iko shingoni mwangu. Nimesema hivyo kwa sauti kubwa na wapakiaji wakanisikia. Nimesema Mama Leonida ni mwanamke asiye na shukrani. Bhoke alinitazama, akavua zile buti, akavaa viatu vyake vya kanisani.

"Unakwenda wapi?"

"Mfangano."

"Na nani? Hujui hata Kijaluo."

"Yeye alitukopesha ya petroli. Atanisikia."

Akapanda mashua ya asubuhi. Yeye ambaye hajawahi kuvuka maji yanayozidi magoti.

Alhamisi 11 Juni. Mvua.

Ijumaa 12 Juni. Mvua. Bhoke hajarudi.

Jumamosi 13 Juni

Hajarudi. Nimetembea gatini mpaka askari akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nimewaza kwamba nimemwangusha Osoro, nimemchosha Makori, nimewapeleka watoto kwa bibi yao, na sasa mke wangu yuko juu ya maji kwa ajili ya kitabu cha kurasa nane.

Jumatatu 15 Juni

Wamekuja pamoja. Mashua tatu, Mama Leonida mbele, Bhoke nyuma yake, uso umempauka kwa kutapika njia nzima. Mashua moja tu ndiyo ilikuwa na samaki, na hawakushusha.

Bwana James aliwakaribisha ofisini. Mimi nilisimama mlangoni, mahali walipokuwa wamesimama wale waliomcheka Osoro. Mama Leonida alizungumza Kijaluo, kisha akageukia Kiswahili ili sisi tusikie.

"Samaki tutakuletea tena. Wewe mnunuzi wa Nairobi unamjua, sisi Kisumu tunapata bei ya kutupa. Lakini utalipa hapa hapa gatini, mkononi. Gari tutatafuta sisi. Na kabla gunia moja ishuke, ile kitabu ya huyu mtu ikae hapa juu ya meza."

"Kitabu kina uhusiano gani na samaki?"

"Huyu mama amekuja nyumbani kwangu juu ya maji akitapika. Hakuomba pesa. Aliomba hiyo tu."

Bwana James aliangalia dirishani, mashua zikipandishwa na kushushwa na mawimbi, na watu wanne wameketi juu ya magunia wakisubiri amri ya kuondoka. Alionekana mchovu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba naye ana mahali ambapo hawezi kugeuza. Akatoa ufunguo.

Kitabu kimepata doa la ukungu kwenye jalada. Nilikishika kwa mikono miwili kama cheti cha ubatizo. Bhoke alikuwa ameshakwenda kukaa kwenye ngazi ya lori, kichwa magotini.

Alhamisi 18 Juni. Kisii

Nimekwenda kwa Osoro. Nilimkuta chini ya lori lake. Nilimwambia kwamba Mama Leonida ananiita Jumatatu kutaja bei, na sitaki kuitaja kabla yeye Osoro hajaijua. Mkono ukatoka huko chini ukanipa spana nimshikie.

Tumekaa mchana wote. Ameniambia anavyohesabu: siku kwanza, maili baadaye, na kila mwezi siku mbili za kulala na kutengeneza gari ambazo mwenye mzigo hazioni lakini analazimika kuzinunua. Tukafika palepale alipokuwa Machi. Wiki moja yeye, wiki moja mimi.

Jumatatu 22 Juni. Homa Bay

Jua leo. Mama Leonida alikuja gatini na wanawake watano. "Haya, dereva. Bei yako."

Kinywa changu kilitaka kusema mia tano. Nilihisi zikija, tayari ziko kwenye ulimi, kwa woga uleule wa lori kulala uani. Bhoke alikuwa juu ya mzigo anakunja turubai, hakugeuka.

"Mia sita na ishirini," nikasema. "Na Osoro ni hiyohiyo."

Mmoja wa wale wanawake akaguna, akasema dereva wote ni wezi. Akaanza kutaja mia nne na kitu. Mama Leonida akainua mkono kumnyamazisha. Hakubishana nami hata senti moja. Yeye alikuwepo Rangwe.